Silaha Nyumbani: Ni Milki au ni Amana?

Tumeletewa swali na mama mmoja wa mji wetu ambaye mwanawe yuko Marekani kwa kazi. Kijana huyo hufanya kazi ya usiku ghalani, na mkewe hubaki nyumbani peke yake na watoto wawili wadogo. Mwaka huu nyumba ya jirani yao ilivunjwa usiku, na kijana akaingiwa na khofu, akaenda dukani akanunua bunduki. Si bastola wala si bunduki ndefu ya wawindaji, bali ni bunduki ya marisau ya namna fupi, ijipakiayo yenyewe baada ya kila mshindo. Akaipiga picha, akampelekea mamake ili atulie moyo. Mama, badala ya kutulia, hakulala. Akatujia akatwambia: "Masheikh wangu, mwanangu amefanya la haki au amefanya la makosa? Na mimi nimjibu nini?"

Swali hili tulilileta darasani baada ya sala ya isha, tukalizungumza kwa siku tatu. Tumeona jawabu yake yafaa isomwe na wengi, kwani ndani yake mna jambo ambalo halihusu bunduki peke yake, wala haliwahusu walioko ng'ambo peke yao.

Wanazuoni wetu wametufunza kuwa hukumu ya kitu hufuata kujulikana kwake, na mwenye kuhukumu asichokijua amehukumu kwa dhana. Basi kwanza natukijue kitu chenyewe.

Bunduki ya marisau si kama bunduki nyenginezo zitoazo risasi moja. Ganda lake hubeba tembe nyingi za risasi, nazo hutoka mtutuni pamoja na kutawanyika kidogo kidogo kwa kadiri ziendavyo mbali. Zile kubwa zitumiwazo kwa kujilinda katika bunduki ya namba 12 huwa tembe 8 au 9 katika ganda moja, na kila moja upana wake wapita milimita 8. Bunduki ya kwanza ya namna hii iliyofanikiwa kujipakia yenyewe ilibuniwa na Mmarekani aitwaye John Browning, na ikaanza kutengenezwa Ubelgiji mwanzoni mwa karne ya 20. Maana ya kujipakia ni kuwa nguvu ya mshindo wa kwanza hulitupa nje ganda tupu na kuingiza jengine, na mwenye kupiga hana kazi ila kukivuta tena kifyatulio.

Ama ufupi wake, una siri yake. Katika bunduki ya kawaida, chumba cha risasi kiko mbele ya kifyatulio. Katika namna hii, chumba na mitambo yake yote imerudishwa nyuma, ikatiwa ndani ya kitako, ubavuni mwa shavu la mpigaji. Kwa njia hii bunduki nzima hupungua urefu pasi na mtutu kupungua. Jambo hili lina maana yake Marekani, kwani sheria yao ya mwaka 1934 huitaka bunduki ya marisau iandikishwe kwa namna ya peke yake ikiwa mtutu wake haufiki inchi 18, au yote haifiki inchi 26.

Na mwenye kuitazama historia yake ataona ilitoka wapi. Katika miaka ya 1960 kampuni ya High Standard ya Marekani ilitengeneza bunduki ya marisau ya namna hii, ijipakiayo yenyewe, iliyobuniwa na askari polisi wa Santa Monica, California, aitwaye Alfred Crouch. Iliitwa Model 10, na ile ya mwanzo ilikuwa na taa iliyojengwa pamoja nayo. Ilikusudiwa polisi: watu wenye kufunzwa, wenye kuingia mahali pafupi kwa amri ya dola, na wenye kuulizwa na wakubwa wao kwa kila risasi itokayo. Hata hivyo haikuwa bila ya ila. Maganda yake yalirukia upande wa kulia, kwa hivyo mtu hakuweza kuitegemeza begani kwa kushoto bila ya kupigwa na ganda usoni. Na ilipotiwa risasi zenye baruti dhaifu mara nyengine ilikataa kujipakia. Basi chombo kilichokusudiwa watu wa kazi maalumu, tena kikawashughulisha hata wao, leo mfano wake umo chini ya kitanda cha mfanyakazi wa ghala.

Baada ya kuyajua haya, tulimpelekea yule kijana maswali matatu kwa mkono wa mamake. Tulimuuliza: Bunduki hiyo umeiweka wapi, na imo katika hali gani? Umeipiga mara ngapi, na umeisafisha mara ngapi? Na usiku ambao wewe huko, ni nani atakayeishika?

Akatujibu kwa ukweli, na twamshukuru kwa ukweli wake. Alisema kuwa imo chini ya kitanda, nayo imetiwa risasi, kwani mwizi hangoji. Kuwa hajaipiga hata mara moja wala hajaisafisha, kwa sababu bado ni mpya. Na kuwa atakayeishika ni mkewe, kwani kwa ajili yake ndiyo aliyoinunua. Ila mkewe hutumia mkono wa kushoto, na siku moja alipoijaribu begani pasi na risasi aliona tundu la kutokea maganda limemwelekea usoni.

Ewe msomaji, tafakari majibu haya. Mtu huyu si mjinga wala si mshari. Ni baba mwenye kuwapenda watu wake. Lakini amenunua chombo kwa ajili ya mtu ambaye chombo hicho hakikumfaa, akakiweka mahali ambapo mtoto wa miaka minne hufika kwa kutambaa, na akamuachia kazi ya kukijua mtu ambaye hakufunzwa. Yeye adhani kuwa amenunua amani, na sisi twaona kuwa alilonunua ni jukumu ambalo bado hajalibeba.

Hapa ndipo penye asili ya swali. Watu wengi hudhani kuwa kumiliki ni kumaliza: nimelipa, kwa hivyo ni changu, na mambo yamekwisha. Na ni kweli kwa kofia na kwa kiti. Lakini kuna vitu ambavyo kumiliki kwake ni kuanza. Mwenye kununua punda amenunua pia njaa ya punda. Mwenye kununua jahazi amenunua pia kulitia kalafati na kulipaka sifa kila mwaka, na asipofanya hivyo bahari haitamuuliza alilinunua kwa kiasi gani. Vitu vya namna hii huwa mikononi mwetu kama amana, na wenye amana ile si sisi peke yetu. Ni kila mtu ambaye kitu hicho chaweza kumdhuru: mke, mtoto, mgeni na jirani wa upande wa pili wa ukuta.

Na huyo jirani si wa kutajwa kwa mdomo tu. Nyumba zetu za kale hapa pwani zina kuta nene za mawe ya matumbawe. Nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa ndani kwa mbao nyembamba na vibao vya chokaa, na tembe za risasi kubwa hupita katika ukuta wa namna hiyo, na wa pili yake, zikamkuta aliyelala. Basi mtu apigaye risasi nyumbani mwake kwa kumkusudia mwizi huenda akawa amempigia mwanawe mwenyewe.

Dini yetu haikulisahau jambo hili. Mtume (s.a.w.) alimuamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake ili asimjeruhi mtu. Alikataza watu kupeana upanga uliokwisha kutolewa alani. Na alikataza kumwelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha. Tazama vizuri makatazo haya. Hakuna hata moja linalosema kuwa mshale ni haramu au upanga ni haramu. Yote yahusu namna ya kushika, namna ya kupeana, na mahali pa kuelekeza. Maana yake ni kuwa uhalali wa silaha haukumtosha mwenye nayo. Adabu ya kuishika nayo ni sehemu ya uhalali wake. Alani ya upanga wakati huo ndiyo kufuli na sanduku la chuma la wakati wetu.

Kwa hivyo twasema kuwa kuitunza bunduki si kazi ya fundi tu, bali ni jambo la uadilifu. Na utunzaji wenyewe una mafunzo yake. Mwanzo wa kusafisha ni kuhakikisha kuwa haimo risasi, na kuhakikisha mara mbili: kwa jicho na kwa kidole, katika chumba na katika bomba la kuwekea akiba. Wangapi wameuawa na bunduki iliyodhaniwa tupu! Kisha mtutu hupigwa burashi na kupitishwa kitambaa. Zile zitumiazo gesi ya baruti kwa kujipakia, pistoni yake na tundu la gesi huondolewa masizi, kwani masizi yakizidi mitambo huwa mizito na ganda hukwama nusu ya njia. Mafuta hupakwa kidogo, kwa sababu yakizidi hukusanya vumbi na kufanya tope. Sisi watu wa pwani tuijuayo kutu ya hewa ya bahari hatuhitaji kufundishwa kuwa chuma kisichoangaliwa huharibika pasi na kutumiwa.

Na namna hii fupi yataka uangalifu zaidi. Kifyatulio kiko mbali na mitambo, nacho huungwa nayo kwa utaratibu mrefu, kwa hivyo kukivuta kwake huwa si kwepesi na mpigaji hulazimika kujizoeza. Chumba cha mlipuko kiko karibu na shavu, na lolote litakalopasuka litapasukia usoni. Na kuna hatari ambayo kila mwenye bunduki ya namba 12 hana budi kuijua: ganda la namba 20, ambalo ni dogo kidogo, likiingizwa humo kwa makosa hupita chumba na kukwama ndani ya mtutu. Mtu huona chumba ki tupu, hutia ganda la 12 nyuma yake, akapiga, na mtutu hupasuka. Kwa ajili hiyo maganda ya namba 20 hufanywa ya rangi ya manjano. Basi mtu mmoja, mahali fulani, alifikiri juu ya makosa ya mwenziwe asiyemjua, akachagua rangi ya kumkinga. Huo ndio uangalifu tutakao kwa mwenye silaha.

Huenda mtu akatupinga kwa kusema: "Lakini sheria ya nchi aliyoko yamruhusu." Ni kweli. Katiba ya Marekani ina kifungu cha mwaka 1791 juu ya kuwa na silaha, na mwaka 2008 mahakama yao kuu iliamua kuwa kifungu hicho champa mtu haki ya kuweka bunduki nyumbani kwa kujilinda. Hatushindani na mahakama ya watu katika nchi yao. Twasema tu kuwa sheria hujibu swali moja, nalo ni: Je, serikali itanizuia? Haijibu lile la pili: Je, mimi nastahiki kukishika kitu hiki? Mambo mangapi sheria haiyazuii, na mtu mwenye haya huyaacha! Na hapa kwetu Kenya jambo ni jengine kabisa, kwani sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki ila kwa cheti atakachopewa. Asije mtu akaisoma makala hii akadhani kuwa twamhimiza kuitafuta kwa njia ya magendo.

Mwengine atasema: "Je, na khofu ya Waislamu katika nchi za wageni? Mmesahau Christchurch?" Hatukusahau, wala haifai kusahau. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu mmoja aliingia katika misikiti miwili ya New Zealand akawaua watu 51, na miongoni mwa silaha zake zilikuwamo bunduki zijipakiazo zenyewe. Katika msikiti wa Linwood, mtu mmoja wa jamaa alimwendea mbio yule muuaji, na mkononi hana ila kijimashini cha kulipia kwa kadi, akamrushia, kisha akaiokota bunduki iliyotupwa ambayo ilikuwa tupu, akamrushia hiyo vilevile mpaka akakimbia. Hatusemi kwa hadithi hii kuwa silaha haina faida. Lau yule mtu angekuwa na silaha na ujuzi wake, huenda wengine wangesalimika, na Mungu ndiye ajuaye. Twasema kuwa ushujaa haukutoka dukani. Na serikali ya nchi ile, mwezi uliofuata, ilipiga marufuku nyingi katika silaha zijipakiazo zenyewe, zikiwamo bunduki za marisau zenye kubeba zaidi ya ganda tano. Wao walipima faida na madhara, wakaona madhara yamezidi. Na kanuni ya kuwa kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa si ngeni kwa mwanafunzi yeyote wa fikihi.

Tena khofu ya adui wa nje humsahaulisha mtu adui aliyeko karibu zaidi. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa Marekani kwa silaha za moto, na kati yao 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Na mwaka 2020 silaha hizo zilikuwa ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 mpaka 19 katika nchi ile. Kwa hivyo mtu aingizapo bunduki nyumbani hana budi ajiulize si juu ya mwizi tu, bali juu ya usiku wa huzuni na siku ya ghadhabu. Hasira ni hasara, wasema wazee wetu, na hasara ya mkono mtupu si sawa na hasara ya mkono wenye kifyatulio. Mwizi huenda asije maisha. Huzuni na hasira huja katika kila nyumba.

Basi jawabu yetu kwa mama ni hii. Mwanao hakufanya dhambi kwa kutaka kuwalinda watu wake, kwani kuilinda nafsi na ahali ni haki inayojulikana. Lakini bado hakuitimiza haki ya alichokinunua, na asipoitimiza atakuwa na makosa hata kama haitapigwa risasi moja. Mwambie, kwa upole wa mama, mambo manne.

La kwanza, leo kabla ya kulala aitoe chini ya kitanda, aitoe risasi, aifungie katika sanduku la chuma, na risasi azifungie mahali pengine, na ufunguo usijulikane na watoto. Akisema kuwa mwizi hangoji, mwambie kuwa na mtoto pia hangoji, na mtoto yumo nyumbani kila siku.

La pili, ashauriane na mkewe, kwani ndiye atakayebaki nayo. Ikiwa mke haitaki, au chombo hakimfai kwa mkono wake, basi kukiweka kwa jina la kumlinda ni kujidanganya. Akirejeshe kwa muuzaji mwenye leseni, na fedha atakazopata atie kufuli madhubuti na taa za nje, na apatane na majirani waangaliane.

La tatu, wakikubaliana kubaki nayo, wote wawili wafunzwe na mwalimu, waipige uwanjani mpaka waijue, na waisafishe kwa wakati wake. Asiyekuwa na nafasi ya kujifunza hana nafasi ya kumiliki.

La nne, nalo ni zito kuliko yote: siku yeyote kati yao atakapoingiwa na dhiki ya moyo, au ugomvi ukiwa mkubwa nyumbani, bunduki itoke kwa njia iliyo halali siku hiyo hiyo, na isirudi mpaka mambo yametengenea. Wala pasiwe na haya katika hilo.

Na sisi tuliobaki huku, tusidhani kuwa tumesalimika kwa kuwa hatuna bunduki. Kuna mwenye gari lenye breki mbovu, naye hupakia watoto wa watu kuwapeleka chuoni. Kuna mwenye mtungi wa gesi wenye mpira uliochakaa, na chini yake wapangaji wamelala. Kuna mwenye kuacha dawa dirishani mtoto apate kuifikia. Kila mmoja katika hao husema "ni changu", na wala hajiulizi ni nani atakayeumia. Wazee husema kuwa mtoto akililia wembe apewe, lakini hatujapata kusikia kuwa wembe ule uachwe wazi mkekani kwa ajili ya mtoto asiyeulilia.

Yule mama alipoyasikia maneno haya alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi nilikuja kuuliza juu ya bunduki, na sasa yanilazimu nende nikafunge kisima changu." Nasi twaona kuwa ameifahamu makala hii kabla haijaandikwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko mbali na walioko karibu, na atujaalie kuwa watu wenye kutimiza amana. Amin.